Mbona nyota zangu hazifanyi duara?

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Kasarani, napiga picha za harusi wikendi kwa kamera ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nimevutiwa sana na zile picha za jangwani ambapo nyota zimechora miduara kamili juu ya mchanga. Nilijaribu juu ya paa la ploti yetu. Mara ya kwanza niliacha shata wazi dakika 20. Picha ikatoka nyeupe yenye rangi ya machungwa, nyota hakuna. Mara ya pili nikapiga picha nyingi za sekunde 30 nikaziunganisha. Nyota zilionekana, lakini mistari imekatikakatika, na wala haikupinda kuwa duara. Desemba tunapanga kwenda jangwa la Chalbi na marafiki wawili. Mmoja anasema kule giza ni totoro, niache shata wazi saa mbili nzima. Mwingine anasema nikithubutu sensa itaungua. Je, nanunua kamera nyingine? Na lile duara nitalipataje?"*

Nikikusoma vizuri, ndugu yangu, unaogopa kutumia likizo na hela za mafuta kwenda zaidi ya kilomita 500 kaskazini ya Nairobi, halafu urudi na picha ile ile ya paani. Una haki ya kuogopa. Picha kuwa nyeupe na mistari kukatika ni matatizo utakayoyabeba hadi Chalbi usipoyamaliza hapa hapa Kasarani, na yote mawili yanamalizika kwa jioni moja. Duara ni habari nyingine kabisa. Hilo halitokani na wewe, wala kamera, wala lenzi. Linatokana na mahali Kenya ilipo duniani, na ndilo nitakaloanza nalo kwa sababu ndilo litakaloamua safari yako iwe ya kwenda wapi na ya kuelekeza lenzi upande gani.

Nyota hazikimbii usiku. Sisi ndio tunaozunguka. Dunia hukamilisha mzunguko wake mmoja kwa saa 23 na dakika 56, kwa hiyo anga huonekana kusogea digrii 15 kila saa. Kila nyota huchora njia yake kuzunguka mojawapo ya vitovu viwili, yaani pale ambapo mhimili wa dunia ungetokea kama ungerefushwa hadi angani. Karibu kabisa na kitovu cha kaskazini ipo nyota inayoitwa Kutubu, ile waliyoifuata mabaharia. Kitovu cha kusini hakina nyota angavu ya kukionyesha. Wapwani walijiongoza upande huo kwa nyota ya Suheli na kundi la Salibu.

Sasa shika jambo hili moja: urefu wa kitovu juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo ya mahali uliposimama. Ukiwa Merzouga, kusini mwa Moroko, kitovu cha kaskazini kiko digrii 31 juu. Ukiwa Sossusvlei nchini Namibia, kitovu cha kusini kiko kama digrii 25 juu. Duara zima litaonekana tu likiweza kuzunguka kitovu bila kugusa ardhi, kwa hiyo Merzouga unapata miduara yenye nusu kipenyo cha hadi digrii 31, inayojaza fremu nzima. Picha zilizokuvutia karibu zote hutoka sehemu za namna hiyo.

Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta. Chalbi iko kama digrii 3 kaskazini. Maana yake, ukisimama katikati ya Chalbi ukatazama kaskazini, kitovu kiko digrii 3 tu juu ya upeo, kama upana wa vidole viwili ukinyoosha mkono. Duara kubwa kuliko yote unaloweza kupata pale lina nusu kipenyo cha digrii 3, na lote limezama ndani ya tabaka la hewa nzito yenye vumbi la jangwa lenyewe. Kutubu yenyewe huenda usiione. Hakuna kamera ya bei yoyote itakayoliinua duara hilo. Anayekuahidi miduara kamili mikubwa ya Chalbi kwa picha halisi hajawahi kuipiga, au ameizungusha kwenye kompyuta.

Usife moyo, maana ikweta ina picha yake ambayo mtu wa Merzouga hawezi kuipata vile. Elekeza lenzi mashariki kabisa, uiweke kwenye upana wake wote, yaani milimita 18. Nyota zinazochomoza mbele yako zitapanda karibu wima. Zile za kushoto zitaanza kupinda kushoto kuelekea kitovu cha kaskazini, na zile za kulia zitapinda kulia kuelekea kitovu cha kusini. Katikati kuna mstari ulionyooka, ikweta ya anga, usiopinda upande wowote. Desemba una bahati ya pekee, kwa sababu kundi la nyota la Jabari (Orion) huchomoza mashariki jioni, na ile nyota ya kwanza katika zile tatu za mshipi wake iko karibu kabisa na ikweta ya anga, haikosei hata nusu digrii. Nyota zile tatu zitachora mistari mitatu iliyonyooka kuanzia ardhini kwenda juu, na anga yote itafunguka pande zake. Begani mwa Jabari utaona mstari wa rangi ya chungwa, na mguuni, kwenye nyota ya Rijili, mstari wa samawati. Rangi hizo zipo kweli. Macho yetu ndiyo hayazioni vizuri gizani.

Ukielekeza lenzi kaskazini au kusini kwa unyoofu, utapata nusu duara, tao juu ya tao, kama upinde wa mvua uliorudiwa mara nyingi. Kwa kazi hiyo mimi ningekushauri uiache Chalbi uende Amboseli. Amboseli iko digrii 2 na nusu hivi kusini, na Kilimanjaro umesimama upande wa kusini, ukielekea mashariki kidogo. Ukipata kambi upande wa mashariki wa hifadhi, Kibo, kilele chake, inakaa karibu mbele ya kitovu cha kusini, na matao ya nyota yanauzunguka mlima wenye meta 5,895. Kuna mawingu ya mlima ya kuvumilia, na ndani ya hifadhi huruhusiwi kuzurura usiku nje ya kambi, lakini kwa nusu duara sijui mahali pengine karibu na Nairobi panapopita hapo.

Turudi kwenye paa lako. Picha yako ya dakika 20 ilitoka nyeupe kwa sababu ambayo watu wengi, hata wapiga picha wazoefu, huielewa kinyume. Wanadhani ukiacha shata wazi muda mrefu zaidi, nyota zitang'aa zaidi. Sivyo. Chukua kamera yako yenye lenzi ya milimita 18. Kwa sensa ya kawaida ya megapikseli 24, nyota hukaa juu ya pikseli moja kwa muda wa kama sekunde 3, kisha inahamia pikseli inayofuata. Uache shata wazi nusu dakika au usiku kucha, pikseli ile imepata sekunde 3 tu za nyota ile. Anga ya Nairobi, kwa upande wake, haihami. Taa za barabarani, za Thika Road, za mall na za uwanjani zinarudi kutoka kwenye vumbi na mawingu, na kumwagika juu ya kila pikseli kwa dakika zote 20.

Panga madebe mstari mrefu nje wakati wa mvua, halafu mtu apite haraka akimimina kikombe kimoja katika kila debe. Kikombe ndicho nyota, mvua ndiyo mwanga wa jiji. Madebe yakiachwa nje dakika moja, utayatambua yaliyopata kikombe. Yakiachwa mpaka yafurike, yote ni sawa. Picha yako ilifurika.

Kwa hiyo mng'ao wa mstari wa nyota huamuliwa na tundu la lenzi (ile namba ya f/) na ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Muda unaamua urefu wa mstari, na unaamua anga itajaa mwanga kiasi gani. Ukilielewa hili, utaona kwa nini kupiga picha fupi nyingi na kuziunganisha kunafanya kazi hata Kasarani. Programu ya kuunganisha hailundiki mwanga. Kwa kila pikseli inachukua thamani angavu kuliko zote miongoni mwa picha zako. Anga inabaki na weusi wa picha moja ya sekunde chache, huku mstari wa nyota ukizidi kurefuka. StarStaX hufanya hivyo bure, na GIMP pia, ukiweka kila picha juu ya nyingine na kuchagua Lighten only. Paani kwako jaribu sekunde 10, ISO 400, f/5. Ukiangalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera, kilima chake kikae theluthi ya kushoto. Kikisogea katikati, punguza sekunde.

Je, saa mbili kwa shata moja huko Chalbi? Rafiki yako hajakosea kabisa. Wakati wa filamu ndivyo ilivyofanywa, na mahali penye giza la kweli, kwa ISO ya chini na tundu lililobanwa, inawezekana hata leo. Faida yake ni mstari usio na pengo hata kidogo na faili moja tu. Lakini fikiria: dakika ya 95 landkruza ya mtu inapita na taa zake kamili mbele ya lenzi, au upepo unasukuma tripodi, au betri inakata. Umepoteza yote. Ukiwa na picha 200 ukaharibikiwa na tatu, unazo 197, na pengo dogo ambalo mara nyingi linazibika. Mimi naunganisha, na sioni sababu ya wewe kufanya vingine.

Rafiki wa pili naye anataja kitu cha kweli kwa jina lisilo lake. Sensa haiungui kwa giza. Kinachotokea ni kwamba inapofanya kazi muda mrefu inapata joto, na joto huzalisha umeme mdogo ndani ya pikseli ambao kamera inauhesabu kama mwanga. Kiasi hicho huongezeka maradufu kila joto la sensa linapopanda digrii 6 hadi 8 hivi. Ndiyo maana picha moja ya saa nzima hujaa chenga, na nukta nyekundu, za samawati na nyeupe. Kwa picha za sekunde 30 tatizo hilo ni dogo. Chalbi mchana joto hupita digrii 35, basi usiiache kamera ndani ya gari lililofungwa wala juu ya dashibodi. Ifunge ndani ya nguo kivulini, ili usiku ianze ikiwa imepoa. Ukimaliza kupiga, weka kifuniko cha lenzi upige picha nyingine kama 10 za giza kwa vipimo vile vile. StarStaX itazitumia kufuta nukta hizo. Kinachoweza kuidhuru sensa kweli ni jua. Ukilala kamera ikiwa imeelekea mashariki na lenzi wazi, amka kabla halijachomoza.

Sasa mistari iliyokatika. Ningependa uifungue picha yako uliyoiunganisha, uikuze mpaka uone pikseli, kisha ulinganishe urefu wa kipande cha mstari na urefu wa pengo linalofuata. Kama vinalingana, kipande kimoja, pengo moja la urefu ule ule, basi mkosaji namjua. Kamera yako ina kazi ya kupunguza chenga, ambayo kwenye menyu huandikwa Long Exposure NR. Ikiwa imewashwa, kila baada ya picha ya sekunde 30 kamera hufunga shata na kupiga picha ya giza ya sekunde 30 nyingine ili itoe chenga. Nyota haingoji. Katika sekunde hizo 30 imesogea pikseli 10 hivi, na hilo ndilo pengo lako. Izime. Tunapunguza chenga kwa zile picha za giza za mwisho, tena kwa muda mchache zaidi.

Kama pengo ni fupi kuliko kipande, tafuta kwenye kipima muda. Hapa wengi hunaswa bila kujua. Katika kamera nyingi, sekunde 30 za kwenye skrini ni sekunde 32 kwa hakika. Na kamera nyingi hupima muda kuanzia mwanzo wa picha moja hadi mwanzo wa nyingine. Ukiweka 30 kwenye kipima muda, zamu ya picha ya pili inafika kamera ikiwa bado imefungua shata kwa ya kwanza, inairuka, na unapata picha moja pale ulipotarajia mbili. Weka 33. Pengo la sekunde moja ni theluthi ya pikseli kwa lenzi yako, jicho haliwezi kuliona. Pengo la sekunde 5 tayari linaonekana ukichapisha kubwa. Kama unatumia rimoti, kuna njia rahisi kuliko zote: weka kamera kwenye mfululizo wa kupiga bila kukoma, shata sekunde 30, bonyeza kitufe cha rimoti ukifunge hapo. Kamera itapiga yenyewe mpaka uifungue.

Kwa Chalbi anza na milimita 18, f/3.5, ISO 1600, sekunde 30. Kwa saa moja utapata picha 110 hivi, gigabaiti 3 au zaidi kidogo ukipiga RAW (faili ghafi), na mistari ya digrii 15. Lenzi yako ikilala ina upana wa kama digrii 65, kwa hiyo saa moja inakupa mstari wenye urefu wa karibu robo ya upana huo. Kwa macho yangu hiyo ni fupi kwa picha ya mashariki. Kaa saa mbili, au tatu betri ikiruhusu. Anza na betri iliyojaa kabisa, maana kubadilisha katikati kunaacha pengo, hata uwe na mikono myepesi ya mpiga picha za harusi.

Kulenga ni mahali pa kuchukua muda wako. Alama ya mbali kabisa kwenye lenzi usiiamini, na lenzi nyingi za aina yako hata hazina alama hiyo. Zima ulengaji wa kujiendesha, zima kizuia mtikisiko cha lenzi, elekeza kwenye nyota angavu, Shira (Sirius) ikiwa imeshachomoza au sayari yoyote iliyopo, kuza skrini mara 10, kisha zungusha polepole. Nyota itaanza kama kisahani cha ukungu, isinyae iwe nukta, kisha ianze kufura tena. Irudishe kwenye nukta. Funga pete kwa kipande cha selotepu na usiiguse tena, hata ukihamisha tripodi.

Mwezi uchague kwa makusudi. Wengi hukimbilia usiku usio na mwezi kabisa, na Chalbi hiyo inakupa ardhi nyeusi tii chini ya nyota nzuri. Mimi ningechagua siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi kuandama. Hilali hiyo iko magharibi, nyuma ya mgongo wako unapotazama mashariki, na inaimulika ardhi mbele yako kwa upole mpaka inapozama mnamo saa mbili au saa tatu usiku. Picha chache za mwanzo zitakupa ardhi, zinazobaki zitakupa anga nyeusi. Na usisahau kwamba Chalbi ni tambarare, sakafu ya ziwa lililokauka, yenye chumvi juu. Bila kitu cha kusimama mbele, picha itakuwa anga na mstari. Kalacha, kijiji cha ukingoni mwa Chalbi, kuna chemchemi na mikoma, na umbo la mkoma lenye matawi yanayogawanyika mawilimawili linasimama vizuri mno mbele ya Jabari. Kama unataka nyumba za Wagabra ndani ya picha, kaa na wenyewe kwanza, omba ruhusa mchana, ueleze utafanya nini usiku. Mtu asiyejulikana anayetembea na taa karibu na ngamia wa watu gizani anajitafutia shida.

Ukiweza kupanga tarehe, usiku wa 13 kuamkia 14 Desemba ndio kilele cha vimondo vya Mapacha. Kimondo kimoja kikikatiza mistari iliyonyooka ya Jabari, hutakuwa na la kuomba zaidi. Angalia tu mwezi wa mwaka huo uko wapi.

Lakini Desemba yenyewe ina walakini. Ni mwisho wa vuli. Chalbi ikinyeshewa, ganda la chumvi hubaki limekauka juu huku chini ni tope, na gari huzama mpaka ekseli. Mimi ningeisogeza safari hadi mwisho wa Januari au Februari, wakati wa kiangazi. Hapo Jabari atakuwa ameshapanda juu giza linapoingia, kwa hiyo ungesimamisha kamera wima na kuinua lenzi, au ungemsubiri azame magharibi baada ya saa nane usiku. Unapoteza kuchomoza kwake, unapata barabara na anga safi. Kama likizo ni Desemba tu, nendeni, ila Kalacha ndiyo iamue kama mtaingia jangwani au mtapigia picha ukingoni.

Upepo wa huko usiuchukulie kirahisi. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu kuna mlango mpana wa chini, na upepo unaopita humo huwa mkali hasa usiku na alfajiri. Ni upepo huo unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule Loiyangalani. Tripodi isimame chini, miguu imepanuliwa, ile nguzo ya katikati usiipandishe hata kidogo. Ning'iniza begi lililojaa mchanga, likigusa ardhi ili lisiwe bembea. Vua mkanda wa kamera. Mkanda unaopigwa na upepo unatosha kuifanya nyota ichore vijino badala ya mstari, nawe utadhani ni lenzi mbovu. Lenzi usibadilishe nje kamwe.

Kamera mpya usinunue. Ile uliyo nayo inatosha kwa yote niliyoyaeleza. Ukiwa na hela za kutumia, nunua tripodi nzito na betri ya ziada, kisha ukodishe kwa siku hizo lenzi pana ya milimita 10 au 11, ambayo itaingiza mapinda ya kushoto na kulia ndani ya fremu moja. Na kabla ya Chalbi, pitisheni usiku mmoja Olorgesailie kwenye barabara ya Magadi, chini ya saa mbili kutoka mjini. Kuna mahali pa kupiga kambi na walinzi wa makumbusho. Usumbufu wote wa fokasi, kipima muda na selotepu uishie pale.

Kuna sehemu ambazo ushauri wangu hautoshi, na ningependa unisikilize hapa kuliko kwingine kote. Lami inapita Marsabit kuelekea Moyale. Ukiiacha lami hiyo kwenda Maikona, Kalacha na North Horr, ni barabara za mawe na mchanga, mtandao ni wa kubahatisha, na maji ni yale uliyobeba. Msiende gari moja. Chukueni mwongozaji wa huko huko, si mtu wa Nairobi mwenye ramani kwenye simu. Marsabit imepitia mapigano ya jamii na wizi wa mifugo, kiasi kwamba 2022 serikali iliweka kafyu, na hali hubadilika kijiji kwa kijiji. Mkifika Marsabit mjini, pitieni kituo cha polisi mwaeleze njia yenu na siku ya kurudi, na wakiwaambia msiendelee, msiendelee.

Usiku vaa buti, shika tochi, na usiweke mkono chini ya jiwe wala begi bila kumulika. Kuna nge, na kuna nyoka wadogo wa jamii ya piri ambao sumu yao huzuia damu kuganda. Akiumwa mmoja wenu, msichanje, msifunge kamba, msinyonye. Alazwe atulie, kiungo kisitikiswe, avuliwe pete na saa, na safari ya hospitali ianze dakika hiyo hiyo hata kama maumivu ni madogo. Hospitali ya rufaa iko Marsabit, na kutoka katikati ya Chalbi hiyo ni safari ya saa kadhaa. Kabla ya kutandaza tripodi, dereva awe anajua ataipita njia ipi usiku.

Na kama baada ya kuzima ile kazi ya chenga na kuweka 33 kwenye kipima muda mistari bado inakatika bila mpangilio, peleka kamera kwa fundi ukiwa na kadi yenye picha zenyewe, zisizounganishwa. Huenda ni shata inayochoka, jambo la kawaida kwa kamera iliyofanya harusi nyingi, au ni kadi yenye mwendo wa polepole. Fundi akiona saa na sekunde za kila faili, atajua ni ipi.